Tusimkaribishe Nyoka Nyumbani

Kila mwaka mvua zinapoanza kunyesha na watu wakaingia mashambani, habari za walioumwa na nyoka huanza kusikika kutoka kila upande. Aghalabu watu huzisikia, wakasikitika, wakasema kuwa ni bahati mbaya au ni amri ya Mungu, na mambo yakaishia hapo. Sisi twasema kwamba hayafai kuishia hapo. Vifo vingi viletwavyo na nyoka vyaweza kuzuiwa, na kazi ya kuvizuia ina wenyewe watatu: mwenye nyumba, mwenye kuajiri, na Serikali. Leo twapenda kusema na kila mmoja wao bila kificho.

Kwanza yafaa tujue ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka ulimwenguni. Kati yao, milioni 1.8 hadi milioni 2.7 huingiwa na sumu, na wafao ni kati ya 81,000 na 138,000. Wale wanaonusurika lakini wakakatwa mkono au mguu, ama wakabaki na kilema cha maisha, wakadiriwa kuwa kama mara tatu ya hao wafao. Hata hivyo, ni mwaka 2017 tu ndipo Shirika hilo lilipoliweka jambo hili mbele katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na vilema hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Kwa nini yakasahauliwa? Jibu si gumu. Nyoka hawaumi sana watu wakaao katika nyumba za sakafu ya marumaru na taa za umeme kila pembe. Huuma mkulima avunaye mpunga miguu mitupu, mfanyakazi akataye miwa au mkonge, mchunga ng'ombe, mlinzi wa usiku, mama aendaye kuokota kuni kabla jua halijapanda, na mtoto alalaye juu ya mkeka. Hao si watu wapigao kelele magazetini. Wakifa huzikwa kimya, na mara nyingi hata jina lao halifiki katika daftari la hospitali. Ndiyo maana twaona ni wajibu wetu kulisema jambo hili, kwa sababu wafao ni watu wetu.

Tuwajue Tunaokaa Nao

Katika nchi za Afrika ya Mashariki nyoka ni wa namna nyingi, na walio wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Lakini wako watatu ambao yampasa kila mwenye nyumba kuwajua.

Wa kwanza ni kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Ni mnene na mfupi, na rangi yake yafanana na majani makavu. Yeye hakimbii mtu anapokuja; hutulia pale pale akiitegemea rangi yake imfiche, na mpita njia gizani humkanyaga. Sumu yake huvimbisha kiungo na kuozesha nyama. Wa pili ni swila. Wako swila watemao sumu machoni kwa umbali wa hatua mbili au tatu, na hao ndio wajulikanao kwa kuingia nyumbani usiku na kumuuma mtu akiwa usingizini. Wa tatu ni koboko, mrefu na mwepesi, ambaye sumu yake hushika mishipa ya fahamu hata pumzi ikakatika. Aliyeumwa na koboko asipotibiwa aweza kufa katika saa chache.

Tena mtu asijidai kwamba awajua nyoka wote. Jamii moja kubwa ya swila watemao sumu, wanaopatikana pwani ya Kenya, ilitambuliwa na wataalamu kuwa ni jamii ya peke yake mwaka 2007, ikapewa jina la James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka huko Watamu. Ikiwa wataalamu wenyewe waliendelea kujifunza hata mwaka huo, sisi wengine twapaswa kumwogopa kila nyoka tusiyemjua, na kumkaa mbali.

Nyoka Hufuata Nini?

Wako wenzetu ambao, wakimwona nyoka mlangoni, huuliza kwanza ni nani aliyemtuma. Twasema kwa masikitiko kwamba swali hilo limevunja ujirani katika mitaa na vijiji vingi, na limewatia vikongwe wasio na hatia katika mashaka makubwa. Nyoka hatumwi na jirani. Nyoka hutumwa na tumbo lake na hali ya hewa. Hufuata panya, vyura, mijusi, vifaranga na mayai; hufuata maji wakati wa ukame, mahali pakavu wakati wa mafuriko, na kivuli wakati wa jua kali. Basi atakaye kumjua aliyemleta nyoka, na atazame uani kwake.

Atazame kama mahindi yamemwagika ghalani na panya wamefanya makao. Atazame kama kuni, matofali na mabati makuukuu yamerundikwa ukutani mwa nyumba. Atazame majani marefu yaliyoachwa mpaka kizingitini, lundo la takataka nyuma ya jiko, matawi ya mti yaliyolala juu ya paa, mashimo ya mchwa na ya panya yasiyozibwa, na banda la kuku lililoungana na chumba cha kulala. Mwenye nyumba wa namna hiyo amemwandalia nyoka chakula na malazi, kisha hushangaa mgeni alipofika. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi twaongeza kuwa asiyeziba ufa huu huenda akachimba kaburi.

Kazi yenyewe si ya fedha nyingi. Majani yafyekwe kuizunguka nyumba, ili nyoka asipate pa kujificha. Kuni ziwekwe mbali na ukuta, juu ya kichanja kilichoinuka, na mwenye kuzichukua agonge kwanza kwa fimbo kabla ya kutia mkono. Nafaka iwekwe katika mapipa au magunia yaliyofunikwa vema. Nyufa za kuta na nafasi iliyo chini ya mlango zizibwe kwa udongo, saruji au ubao. Kuku wawe na banda lao mbali na walalapo watu. Takataka zizikwe au zichomwe. Viatu vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaliwa, na mtu atokaye nje usiku achukue tochi, hata kama aenda chooni tu, akanyage ardhi kwa nguvu ili nyoka ahisi mtikisiko na kujiondokea.

Tena twataka kutilia mkazo juu ya kitanda na chandarua. Mtu alalaye chini yuko katika njia ya nyoka. Alalaye kitandani yuko juu yake. Chandarua kilichochomekwa vema chini ya godoro humzuia mbu, na humzuia nyoka pia. Wataalamu waliofanya uchunguzi katika vijiji vya Nepali, na kutoa taarifa yao mwaka 2007, waliona kwamba kulala ndani ya chandarua kuliwakinga watu wasiumwe na nyoka. Basi wale wafanyao vyandarua kuwa nyavu za kuvulia samaki au uzio wa bustani na wafikiri upya.

Kuhusu mafuta ya taa, vitunguu saumu, mipira ya magari ichomwayo na mizizi iuzwayo masokoni kuwa ni dawa ya kufukuza nyoka, twamwambia msomaji asitegemee mambo hayo. Hakuna uthibitisho kwamba hufaa, na mafuta ya taa yaliyomwagwa ndani ya nyumba yamekaribisha moto kabla ya kumfukuza nyoka. Fyekeo na jembe ndizo dawa za kwanza.

Ushujaa wa Fimbo

Na nyoka akiisha kuonekana, je? Hapa ndipo wanaume wengi hupotezea maisha yao. Desturi yataka mwanamume ashike fimbo aue, na watu wasimame kumtazama. Lakini nyoka aliyekuwa akienda zake, akizuiwa njia na kupigwa, hugeuka kupigania roho yake. Wengi wameumwa kwa namna hiyo, ambao wangaliweza kumwacha apite. Hata nyoka aliyekwisha kuuawa si wa kuchezewa. Kichwa kilichokatwa chaweza kuuma kwa muda baadaye, na watoto hupenda sana kukiokota.

Ushujaa wa kweli ni kujizuia. Watoto na wanyama waondolewe. Watu wasimame mbali, hatua nyingi, na macho yakingwe ikiwa yumkini ni swila. Nyoka aliye uani aachiwe njia ya kuondoka, naye aghalabu ataondoka. Aliye chumbani, mlango wa kuelekea ndani ufungwe na wa nje uachwe wazi, mtu mmoja akae mbali amwangalie asipotee machoni, na mjuzi wa kazi hiyo aitwe, kama vile maofisa wa wanyamapori mahali walipo. Hatusemi kwamba mtu aache koboko akae na watoto wake kitanda kimoja. Twasema kwamba mtu asiyejua kazi hii asijaribu kuijifunza siku hiyo.

Tena tusisahau kwamba nyoka wana kazi yao. Panya hula nafaka tuliyoitolea jasho, na viroboto vyao hueneza tauni. Wilayani Lushoto tauni ilizuka mwaka 1980 na ikarudi tena na tena kwa miaka mingi. Nyoka wengi wasio na sumu huishi kwa kula panya hao. Anayeua kila nyoka shambani amewafurahisha panya, na panya hao ndio watakaomwitia swila nyumbani.

Aliyeumwa Apelekwe Hospitali

Twafika sasa katika jambo la kufa na kupona. Mtu akiumwa, aondolewe alipo nyoka, atulizwe, alazwe. Pete, bangili na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwa ubao au fimbo kama kilichovunjika, ili kisitikisike, maana mwendo husambaza sumu upesi. Kisha apelekwe hospitali mara moja, akibebwa, wala asitembezwe. Akianza kutapika au kulegea alazwe ubavu, asije akapaliwa. Mahali pasipo gari, pikipiki yafaa, mgonjwa akiwa katikati na mtu wa kumshika nyuma. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 15 na zaidi, asisugue, naye pia aende hospitali.

Yasiyofaa ni haya: kufunga kamba kwa nguvu, ambako huua nyama ya kiungo, kuchanja kwa wembe, kufyonza kwa kinywa, kutia umeme, mafuta au mavi ya ng'ombe, kunywa pombe. Na wala hakuna haja ya kumtafuta nyoka ili apelekwe kwa mganga wa hospitali. Kueleza rangi na ukubwa wake kwatosha; mengine mganga ataziona dalili zake kwa mgonjwa mwenyewe. Wengine wameumwa mara ya pili, au wamemwongezea mgonjwa saa nzima ya kuchelewa, kwa ajili ya kazi hiyo isiyo na faida.

Lakini msomaji aweza kuuliza: mbona jiwe jeusi la nyoka, au dawa za mganga wa kienyeji, zimewaponya watu tunaowajua? Arudi atazame hesabu tulizotoa mwanzo. Katika watu milioni 5.4 waumwao, nusu hivi au zaidi hawaingiwi na sumu kabisa, ama kwa sababu nyoka hakuwa na sumu, ama kwa sababu aliuma bila kuitoa. Watu hao wangepona hata kama wangepakwa majivu ya jikoni. Jiwe husifiwa kwa wale ambao hawakuhitaji dawa, na wale waliohitaji huzikwa bila kulilaumu. Hatusemi haya kwa kuwadharau waganga wetu wa kienyeji. Watu huwaamini, nao wakaa karibu na watu. Basi twawaomba waitumie heshima hiyo kusema neno moja: "Nenda hospitali sasa hivi." Mganga asemaye hivyo ameokoa maisha.

Wajibu wa Wenye Kuajiri na wa Serikali

Hadi hapa tumesema na mwenye nyumba. Lakini si haki kumwambia mtu avae viatu ikiwa mshahara wake hautoshi viatu, wala kumwambia akimbilie hospitali ikiwa hospitali haina dawa.

Twawaambia wenye mashamba makubwa, viwanda na kampuni za ulinzi: mfanyakazi aingiaye katika miwa, mkonge au majani marefu bila buti amepelekwa vitani bila silaha. Mlinzi asiye na tochi hali kadhalika. Nyumba za wafanyakazi zenye kuta za nyufa, zilizozungukwa na magugu ya shamba, ni wajibu wa mwenye shamba kuzitengeneza. Katika Tanzania iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Kwa maoni yetu, aliyeumwa na nyoka akiwa kazini ameumia kazini, sawasawa na aliyekatwa na mashine, na yampasa yeye au wenzake kutoa taarifa kwa mwajiri bila kukawia. Vyama vya wafanyakazi na visione haya kulitaja jambo la buti na tochi wakati wa kujadiliana mikataba.

Juu ya dawa tuna maneno zaidi. Dawa ya sumu ya nyoka si jambo jipya duniani. Albert Calmette wa Ufaransa aliitengeneza kwa damu ya wanyama waliozoeshwa sumu katika miaka ya 1890, na baada yake Vital Brazil wa huko Brazili akaonyesha kwamba dawa ya sumu ya nyoka wa namna moja haitibu sumu ya nyoka wa namna nyingine. Basi elimu ipo, na ina zaidi ya miaka 100. Kinachokosekana ni nia na fedha. Dawa iitwayo Fav-Afrique, iliyotengenezwa na kampuni ya Sanofi Pasteur kwa ajili ya nyoka wa Afrika, iliachwa kutengenezwa mwaka 2014, na chupa za mwisho zikamaliza muda wake mwaka 2016. Sababu yake ni biashara. Dawa ni ghali, maskini hawawezi kuinunua. Kwa kuwa hawainunui, mtengenezaji hapati faida. Akiacha kuitengeneza, ile iliyobaki huzidi kuwa ghali. Duara hiyo huzunguka, na waliomo ndani yake ni wakulima na watoto wao.

Tena dawa isiyofaa ni mbaya kama kukosa dawa. Nchini Ghana, mwaka 2004, hospitali moja ilipoacha dawa ya zamani na kutumia nyingine kutoka Asia, vifo vilipanda kutoka chini ya 2 hadi 12 katika kila wagonjwa 100. Ndugu zetu hao walichomwa sindano, wakalipa, wakatumaini, wakafa. Huo ndio msiba wa kununua bila kupima.

Kwa hiyo twaitaka Serikali ifanye mambo manne. Dawa iliyothibitishwa kufaa kwa nyoka wa nchi hizi na iwekwe katika kila hospitali ya wilaya iliyo na hatari hiyo, hasa kabla ya msimu wa mvua. Wauguzi na waganga wafundishwe kuitumia, maana dawa yenyewe yaweza kumletea mgonjwa madhara ya ghafla, nayo hutaka mtu ajuaye kuyatuliza. Asiye na fedha asikataliwe mlangoni. Na kila aliyeumwa aandikwe, aliyepona na aliyekufa, kwa kuwa asiyehesabiwa hatengewi fungu. Nchi za Afrika ya Mashariki zikinunua pamoja, badala ya kila mmoja kwenda sokoni na kikapu chake, zaweza kumpa mtengenezaji sababu ya kuendelea na bei yaweza kushuka.

Lakini Serikali haitakuja kufyeka uani kwetu. Kabla ya mvua zijazo, kila mtaa na kila kijiji na kichague siku moja ya kufyeka, kuziba mashimo na kuzika takataka, watu wakianza na nyumba za wajane na wazee wasio na nguvu. Siku hiyo hiyo na wakubaliane ni pikipiki au gari la nani litakalombeba aliyeumwa usiku wa manane, na hospitali ipi iliyo na dawa. Maswali hayo mawili yakijibiwa mchana, yatamwokoa mtu gizani. Nasi wafanyakazi na tuwe wa kwanza kushika fyekeo.